Upande wa Ndani wa Mlango

Jumatatu ya pili ya Oktoba 1993, saa moja kasoro asubuhi, Bibi Isabela wa Mkunya alishindwa kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Komeo lilikataa. Mlango ulikuwa mpya, wa siku tisa, kazi ya mkwe wake Bonifasi, fundi seremala ambaye sisi wa Newala tulimjua kwa kupima kitu mara tatu kabla ya kukikata. Tulimjua pia kwa kutueleza, bila kuulizwa, kwamba amekipima mara tatu.

“Anjelina!” Sauti ilitoka nyuma ya mlango. “Mwambie huyo fundi wako kanifungia kama mwizi wa kuku.”

Anjelina, binti wa Bibi Isabela, mke wa fundi na mama wa mtoto wao Flora, alikuwa barazani na ndoo tupu mkononi. Mumewe alisimama hatua kumi nyuma yake, mkoba wa vifaa begani, ameupa mlango mgongo. Hivyo ndivyo adabu inavyotaka kwetu. Mwanamume haingii nyumba ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Neno hupitia kwa mke. Bonifasi, mtu wa Lisekese kule Masasi, alioa Mkunya akahamia kwa wakwe zake, na kwa miaka kumi na minne alilishika sharti hilo kwa umakini uleule aliotumia kunoa randa.

“Mama anasema mlango umekaza kidogo,” alisema Anjelina.

“Nimesikia alivyosema.”

“Basi wewe jibu nililosema mimi.”

“Muulize kama komeo linacheza.”

Anjelina aliuliza. Jibu lilisikika mpaka barabarani. “Mwambie kama lingecheza, saa hizi ningekuwa chooni!”

“Anasema halichezi.”

Wanawake watatu waliokuwa wakirudi kutoka bombani walisimama kuangalia. Bomba lilikuwa halijatoa tone tangu Alhamisi, kwa hiyo ndoo zao hazikuwa nzito na wao hawakuwa na haraka. Nyuma yao alikuja Stefano, mdogo wake Bibi Isabela, mjomba wa Anjelina, akifuta chai mdomoni. Bonifasi alimwamkia shikamoo. Stefano aliitika marahaba kwa furaha isiyofichika.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Banda la useremala la Bonifasi lilisimama kando ya barabara, kwenye kiwanja cha Bibi Isabela, mahali ambapo kila apitaye kwenda Newala mjini au Tandahimba huliona. Tangu ununuzi wa korosho ufunguliwe kwa watu binafsi, mahali pa namna hiyo palitafutwa, na Stefano alikuwa amempata mnunuzi kutoka Mtwara aliyetaka banda hilo liwe ghala lake. Mwenye neno la mwisho juu ya kiwanja alikuwa Bibi Isabela. Naye alisema hivi: mlango wake wa zamani umeliwa na mchwa, mkwe amtengenezee mwingine, yeye atalala nyuma ya mlango huo wiki mbili, kisha Jumapili ya tarehe kumi na saba, katika kikao cha ukoo, atasema kama fundi huyo anastahili kubaki na banda la barabarani au hastahili.

“Leo siku ya tisa,” alisema Stefano, akiuzunguka mlango kwa macho. “Sijui tuhesabu na hizi za kifungo?”

Bonifasi aligeuka. Sharti lilimkataza kumtazama mama mkwe. Halikusema lolote juu ya mlango wake. Alitoa rula ndefu ya chuma, akaisimamisha wima juu ya plaiwudi iliyong'aa. Juu na chini rula iligusa. Katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Mlango ulikuwa umejikunja kama ungo uliosimamishwa kuelekea barabara: ncha zake zimesukumwa nje kwenye fremu, tumbo limeingia ndani, na komeo, lililokuwa katikati, limebanwa na mvuto huo wote. Usiku uliopita Bibi Isabela alilazimika kuusukuma kwa nyonga ndipo komeo likaingia. Kuingia liliingia.

“Milimita kumi na saba,” alisema Bonifasi kwa sauti, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichomjia. “Mwambie Mama, ni milimita kumi na saba.”

“Mwambie nikitoka nitampiga mchi, ahesabu tena!”

“Mama anashukuru kwa kipimo,” alisema Anjelina.

Utatuzi ulikuwa rahisi, na Bonifasi aliueleza kwa usahihi. Yeye atashika mpini wa nje, ataweka mguu kwenye fremu na kuvuta, tumbo la mlango lirudi. Mama kwa ndani atalipiga komeo kwa mchi. Anjelina alipitisha maelekezo. Bonifasi alivuta. Ndani mchi uligonga. Hakuna kilichotoka. Alivuta mara ya pili, mishipa ya shingo ikasimama, na wanawake wa ndoo wakamhimiza kama wanaomsaidia mwenzao kujifungua.

Mara ya tatu komeo lilitoka.

“Limetoka,” alisema Bibi Isabela kwa utulivu. “Mwambie limetoka, asiegemee.”

Bonifasi alisikia. Lakini kwa miaka kumi na minne alikuwa amejizoeza kutosikia mpaka mke wake aseme, na Anjelina alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Fundi aliachia mpini, akaegemeza bega mlangoni apumzike. Mlango, ambao sasa haukushikwa na kitu, ulifunguka. Bonifasi aliingia nyumbani kwa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani, akiwa amelala.

Bibi Isabela alikwishageukia ukuta na kujifunika khanga kichwani.

“Anjelina, kuna mtu kaanguka humu?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mimi simwoni.”

“Anatoka sasa hivi, Mama.”

“Mwambie huyo nisiyemwona kwamba amelalia kisamvu changu.”

Bonifasi aliuomba ukuta radhi, lakini hakutoka mara moja. Alipoinua macho kutoka sakafuni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: upande wa ndani wa mlango ule, pale ulipotundikwa. Mbao fupi kumi na mbili za mkangazi, zimelazwa moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa gundi, tupu. Plaiwudi nzuri ilikuwa nje. Ndani hapakuwa na kitu.

“Faini ni kuku mmoja kwa kuingia,” alisema Stefano alipomwona anatambaa nje na majani kwenye shati. “Kwa kulala, sijui. Itabidi niulize wazee.”

*

Nyumbani, Anjelina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha aliacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka mboga motoni.

“Jumapili utasema nini?”

“Sijui bado.”

“Sema gundi.”

Ushauri huo haukuwa wake peke yake. Mpaka saa nne asubuhi Mkunya nzima ilikuwa imeshatoa hukumu. Gundi yenyewe ilikuwa ngeni: nyeupe kama maziwa, ndani ya ndoo ya plastiki, kutoka dukani kwa Ashiru mjini. Miaka yote ya uhaba Bonifasi alitumia gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi na kwato, iliyonuka hivi kwamba majirani walijua siku anayotengeneza kiti. Sasa vitu vilikuwa vimejaa madukani, na sisi, tuliolalamika miaka kumi kwamba hakuna kitu, tulikuwa tumeanza kulalamika kwamba kila kitu ni feki. Redio ikikoroma, feki. Kiatu kikiachama, feki. Mlango ukipinda, kitu gani kingine?

“Ukisema gundi,” aliendelea Anjelina, “kosa linakwenda kwa Ashiru, na kwa Ashiru linakwenda Dar es Salaam, na Dar es Salaam hawana habari na sisi. Mjomba hana la kusema. Banda linabaki.”

“Sijui kama ni gundi.”

“Kwani lazima ujue?”

Bonifasi alifikiri swali hilo kwa uaminifu. Alikuwa amesoma shule ya ufundi ya misheni, chini ya mwalimu aliyewachapa wanafunzi kwa kutamka neno “takribani”. Alijua kwamba mke wake alikuwa na akili kuliko yeye katika mambo mengi, na kwamba hili huenda lilikuwa mojawapo.

“Lazima,” alisema. “Ni ugonjwa. Unihurumie tu.”

Mchana huo aliutoa mlango kwenye bawaba zake, Bibi Isabela akiwa kwa jirani, na khanga ikatundikwa mahali pake. Jioni alikata vipande vinne vya mkangazi, vyembamba ili vikauke upesi. Cha kwanza alikibandika plaiwudi upande mmoja kwa gundi mpya. Cha pili alikibandika pande zote mbili kwa gundi hiyohiyo. Cha tatu alikibandika upande mmoja kwa gundi ya zamani; alichemsha kipande cha mwisho alichokuwa nacho, na majirani wakafunga madirisha. Kwa cha nne alimwomba mkewe nusu kikombe cha maji.

“Ya kunywa?”

“Ya kupaka ubao.”

Anjelina aliweka chini upawa. Asubuhi ile, baada ya mambo ya mlango, alikuwa ameteremka bondeni kwa miguu na kupanda na ndoo kichwani, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Watu wa Masasi hawajui maana ya kuteremka huko. Kwao maji yako sakafuni mwa nchi. Kwetu huku juu, mvua ikishapita, kila kikombe kina jasho la mtu.

“Ubao wako una kiu?” aliuliza.

“Nataka kujua kama maji peke yake yanaweza kuupinda.”

“Na yakiupinda?”

“Basi gundi haina kosa.”

“Yaani unataka maji yangu ili uthibitishe kwamba mwenye kosa ni wewe.”

“Kwa kifupi, ndiyo.”

Alimpa robo kikombe. Alisema kwa kazi ya namna hiyo robo inatosha.

*

Bonifasi alipima vipande vyake asubuhi, mchana na jioni, akaandika kwenye daftari. Jumanne vipande vitatu, cha kwanza, cha tatu na cha nne, vilikuwa vimevimba kuelekea upande uliolowa, kama watu walioshiba. Hilo alilitarajia. Hata mlango ulifanya hivyo siku ya pili baada ya kubandikwa: kitumbo cha milimita nne kuelekea nje, ambacho yeye alikitazama kwa upole na kukiacha kipungue chenyewe. Kilipungua. Jumamosi tarehe mbili aliweka rula, akaona mlango umenyooka kabisa, akaandika sifuri, akapigia mstari mara mbili, na akautundika siku hiyohiyo, amesimama nje ya kizingiti.

Alhamisi mchana kipande cha kwanza kilinyooka kabisa. Bonifasi alikaa juu ya kigoda akakiangalia. Jioni hakikuwa kimenyooka tena. Kilikuwa kimeanza kujikunja kinyume, ncha zake zikielekea kwenye plaiwudi, na Ijumaa kilizidi, na cha tatu, cha gundi ya kwato, kilikifuata hatua kwa hatua. Kipande cha nne, ambacho hakikuwa na gundi wala plaiwudi ila robo kikombe cha maji ya mkewe, nacho kilijikunja, kidogo lakini bila ubishi, kuelekea upande uliopakwa. Cha pili, kilichobandikwa huku na huku, kilikaa kimya, kimenyooka, kama mtoto mwenye nidhamu kati ya ndugu watukutu.

Ndipo Bonifasi alipocheka peke yake bandani, kwa sauti, mpaka mpita njia akachungulia. Jumamosi ile ya tarehe mbili mlango haukuwa umenyooka. Ulikuwa unapita. Ulikuwa safarini kutoka kuvimba kwenda kujikunja, na yeye, fundi wa kupima mara tatu, alikutana nao njiani, akausalimia, akaandika kwamba umefika.

Jioni hiyo ya Ijumaa Ashiru alikuja kwa baiskeli kutoka mjini. Alikuwa mtu mnene, mwenye haya, na habari za gundi feki zilikuwa zimemfikia kabla ya chakula cha mchana cha Jumatatu.

“Baba Flora, mimi nimekuja kukuomba,” alisema kabla hata ya kukaa. “Nimeuza ndoo nane za gundi ile. Ukisimama Jumapili ukasema ni mbovu, nafunga duka.”

“Si mbovu.”

Ashiru alikaa. “Si mbovu?”

Bonifasi alimpangia vipande vinne mbele yake. “Gundi hii karibu nusu yake ni maji. Ubao unayanywa, upande ule unavimba. Lakini unavimba ukiwa umebanwa na ubao mwingine ambao haukulowa, kwa hiyo unajikandamiza wenyewe ndani kwa ndani, na sisi nje hatuoni kitu. Yakikauka, upande ule unarudi mfupi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Na plaiwudi nayo imeshikwa ikiwa imelowa, inasinyaa, inavuta. Ukibandika pande zote mbili, huku wanavuta, kule wanavuta, ubao unatulia. Ukibandika upande mmoja, hakuna wa kuvuta upande wa pili. Gundi ya kwato imefanya hivyohivyo. Maji matupu yamefanya hivyohivyo.”

“Kwa hiyo kosa ni la nani?”

“La aliyebandika upande mmoja.”

“Ambaye ni…”

“Ndiyo.”

Ashiru alifuta jasho. Furaha yake ilidumu muda wa kufuta jasho tu. “Na utasema hivyo mbele ya Mzee Stefano?”

“Nitasema.”

“Banda litakwenda.”

“Najua.”

Mfanyabiashara aliangalia randa zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, benchi, barabara nyeupe nje ya banda. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, “Sikiliza. Sema ilikuwa ndoo moja mbovu. Moja tu. Mimi nitakubali, nitasema niliirudisha. Ndoo moja haiui duka.”

Hakuna aliyewahi kumpa Bonifasi zawadi kubwa namna hiyo. Kisha alionyesha daftari, karibu kwa aibu.

“Nimeshaandika,” alisema.

*

Kikao kilikaa Jumapili baada ya kanisa, uani kwa Bibi Isabela. Mwenyewe alikaa ndani, nyuma ya khanga iliyotundikwa penye mlango usiokuwepo, na Anjelina alikaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Bonifasi alikaa upande wa pili wa ua, ameelekea kwenye mpapai. Ndugu kama kumi na watano walikuwepo, na kuku wa faini alikuwa amefungwa miguu karibu na Stefano, akisikiliza.

Stefano alifungua maneno kwa haki, lazima tukiri. Alisema anataka banda na hafichi. Lakini kama fundi aliuziwa gundi mbovu, basi huo ni msiba wa kawaida wa siku hizi, na banda libaki mikononi mwake. “Baba Flora, useme mwenyewe.”

Bonifasi alisema. Alikuwa ameandaa dakika kumi, alitumia arobaini. Alionyesha vipande, akavipitisha mikononi, akasoma tarehe na milimita. Mtoto wa mtu alilala. Alipofika kwenye kipande cha nne, mama mmoja aliuliza kama ni kweli amemwagia ubao maji wakati watu wanateremka bondeni, na ikabidi Anjelina aape kwamba yalikuwa robo kikombe. Sisi wa uwanda huu wa juu tunayajua maji kwa kuyakosa; ya ziada hatuyatambui hata yakitupinda milango. Uani hapo palikuwa na watu wazima kumi na watano ambao wangeamini uchawi, gundi feki au laana ya mti, lakini si kwamba Newala kitu kinaweza kuharibiwa na wingi wa maji.

“Kwa kifupi,” alisema Stefano, ambaye alikuwa ameanza kuchoka, “unamlaumu nani?”

“Mimi.”

“Umepima mara ngapi?”

“Mara tatu kwa siku, siku tano. Na leo asubuhi.”

“Basi tumekubali.”

Watu walicheka. Bonifasi naye alicheka, kwa sababu ushahidi ulikuwa mzuri kweli, na hakuwahi kuona kesi iliyofungwa kwa unadhifu namna ile. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mshtakiwa ni yeye.

Khanga ilitikisika. “Anjelina. Muulize kwa nini alibandika nje, ndani akaacha. Nje nalala mimi?”

“Mama anauliza sababu ya upande wa ndani,” alisema Anjelina, na safari hii sauti yake ilikuwa na wasiwasi, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuuliza.

Bonifasi aliutazama mpapai. “Plaiwudi ilikuwepo ya kutosha,” alisema. “Sikubana matumizi. Ni kwamba… mlango wa nyumba hii nimeuona miaka kumi na minne, kila siku, kutoka nje. Kutoka ndani sijawahi. Nilipouwaza, niliuwaza nilivyouona. Haikunijia akilini kwamba una upande mwingine.”

Bibi mmoja wa pembeni alipiga kofi. “Jamani! Hajawahi hata kuchungulia!”

Minong'ono ilizunguka, na ilikuwa minong'ono mizuri. Hata Stefano alijikuna kidevu. Wakwe wa siku hizi, kila mtu anajua, huingia mpaka jikoni na kufunua vyungu. “Kwa hiyo,” alisema taratibu, kama mtu anayeona korosho zake zikimwagika, “unataka kusema mlango umepindwa na adabu.”

Anjelina alimtazama mumewe. Alikuwa akimwambia kwa macho, kwa nguvu zote za ndoa ya miaka kumi na minne: sema ndiyo. Neno moja. Na karibu lilikuwa kweli.

“Hapana, Mjomba,” alisema Bonifasi. “Mlango umepindwa na maji. Adabu ilinikataza kuingia. Haikunikataza kumtuma Mama Flora aangalie. Sikumtuma.”

Anjelina alifumba macho.

Nyuma ya khanga Bibi Isabela alikuwa amekwishaamua kumwachia mkwe banda, tangu pale alipoanguka juu ya kisamvu na kuomba radhi kwa ukuta. Alichotaka ni kisingizio chochote cha kumpa Stefano. Vilipita vitatu mbele yake, gundi, uhaba wa plaiwudi na adabu, na mkwe wake alivifukuza kimoja kimoja kama mtu anayelinda shamba.

“Stefano,” alisema. “Banda mpe mtu wako. Msimu huu na unaofuata. Mtu anayejishtaki kwa ushahidi wa siku tano, mimi nitamtetea kwa nini? Benchi lake liletwe hapa uani, nyuma ya nyumba. Mlango wangu atautengenezea hapa.”

Anjelina aligeuka kumpa mumewe ujumbe. 

“Umesikia,” alisema. “Hili sina namna ya kulipunguza.”

*

Jumatatu walihamisha benchi. Stefano mwenyewe alishika upande mzito, na njiani, akihema, alisema ghala litahitaji rafu, wala hakuona haya kusema hivyo. Mchana mzani wa mnunuzi ulishushwa mbele ya banda, na watu waliokuja kuulizia kitanda au meza walikuta magunia. Wengine walielekezwa nyuma ya nyumba ya Bibi Isabela wakaja. Wengine hawakuja. Bonifasi aliwahesabu wale waliokuja: wawili. Wasiokuja hakuweza kuwahesabu, na hilo lilimkera kuliko idadi yenyewe.

Jioni alipiga mlango randa upya na kubandika plaiwudi mpya, nje na ndani. Alikuwa akikaza kamba za kubana plaiwudi pale Bibi Isabela alipotoka na kigoda, akakaa mbali kidogo, amempa mgongo, akaanza kupepeta mahindi. Anjelina alikuwa bondeni. Hapakuwa na mtu mwingine uani. Walifanya kazi hivyo kwa muda, kila mmoja na sauti yake.

“Benchi,” alisema Bibi Isabela.

Bonifasi alisimamisha mikono.

“Benchi, muulize huyo bwana mlango utakuwa tayari lini.”

Bonifasi aliliangalia benchi. Lilikuwa la mvule, la miaka kumi na mbili, na halikuonyesha nia ya kusema. Alikohoa.

“Benchi, mwambie Mama sijui. Nitapima kesho, na keshokutwa, na kila siku mpaka kipimo kirudie kilekile siku tatu mfululizo.”

“Benchi, mwambie jana mbuzi wa jirani aliinua khanga akaingia. Amelala miguuni kwangu mpaka asubuhi.”

Bonifasi alifikiri. Kulikuwa na njia ya kuukausha mlango upesi, karibu na moto, na alijua ingeuharibu vipi, na kwa milimita ngapi.

“Benchi, mwambie Mama naweza kuutundika kesho akitaka. Lakini utapinda.”

Ungo uliruka, mahindi yakaanguka, makapi yakaenda na upepo.

“Mwambie apime,” alisema Bibi Isabela. “Mbuzi nimeshamzoea.”